Mapumziko ya Jamaa Kisiwani Idjwi

Baba mmoja wa jamaa, karani katika ofisi moja ya Bukavu, ametuletea barua ya kurasa mbili. Atueleza kwamba amechoka. Si uchovu wa mikono, maana kazi yake ni ya kukaa kitini. Ni ule uchovu usioondoka hata mtu akilala usiku kucha. Mkewe amemwambia waziwazi kwamba siku hizi anakaa nyumbani kama msafiri anayengoja gari. Mwuguzi aliyempima hakuona ugonjwa, bali alimshauri atafute mahali penye hewa safi na utulivu. Basi baba huyo ametengeneza mpango wa siku nne za likizo: kuvuka ziwa mpaka Idjwi, kuzunguka kisiwa chote kwa pikipiki, kupanda kilele chake, kutembelea visiwa vidogo vitatu, kuwasalimu wakwe zake huko Kalehe, na kuwa kazini Jumatatu asubuhi. Atuuliza mambo mawili. Je, mpango huo ni mwema? Na je, si aibu mzazi kutumia fedha kwa kupumzika, ikiwa karo ya mtoto mmoja haijatimia?

Tutaanza na swali la pili, kwa sababu twaona ndilo limnyimalo usingizi. Karo hutangulia. Mtoto aliyerudishwa kutoka shule kwa ajili ya faranga chache hatafurahia habari za ziwa atakazoletewa na babaye. Lakini tusifanye kana kwamba kupumzika ni mali ya matajiri tu, wala kwamba ni jina zuri la uvivu. Mwaka 1936 Shirika la Kazi la Kimataifa, huko Geneva, lilipitisha mapatano juu ya likizo yenye malipo, na sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 nayo yampa mfanyakazi haki hiyo. Likizo, au konji kama wengi wetu tusemavyo, si zawadi ya mkubwa wa ofisi. Ni sehemu ya ujira. Wako wanaoitumia yote kwa matanga na arusi za mbali, wakarudi kazini wamechoka kuliko walivyoondoka. Hatuwalaumu, maana ndugu ni ndugu. Twasema tu kwamba yafaa siku chache za konji ziwe za jamaa yenyewe: baba, mama na watoto. Nazo zaweza kuwa za gharama ndogo sana, kama tutakavyoona, mradi mtu asitake kuona kila kitu.

Na hapo ndipo mpango wa rafiki yetu unapoharibika. Tumeuhesabu kwa vidole: katika siku nne atapanda chombo cha maji mara sita hivi, atakaa juu ya pikipiki siku nzima moja au mbili, na kila asubuhi atafunga mizigo. Hayo si mapumziko. Ni kazi ya tarishi. Tena barua yake haitaji neno lolote juu ya mkewe na watoto, kama watakwenda pamoja naye au watabaki kulinda nyumba. Ikiwa aliyelalamika ni mama, na anayekwenda kupumzika ni baba peke yake, dawa imenyweshwa mtu asiye mgonjwa.

Huko Ulaya watu wamekwisha kuona hasara ya haraka. Mwaka 1989 wajumbe wa nchi kadhaa walikusanyika Paris wakatia sahihi tamko la chama cha Mwitalia Carlo Petrini, la kutetea chakula kipikwacho na kuliwa bila haraka. Kutoka mezani wazo hilo lilihamia safarini: mtu achague mahali pamoja, akae, atembee kwa miguu, ale chakula cha wenyeji, ajue majina ya watu kabla ya kuondoka. Siku hizi wenye mali huko hulipa fedha nyingi katika nyumba za kando ya bahari ili wanyang'anywe simu zao na kuamriwa kunyamaza. Nasi tunacheka kidogo, maana babu zetu walioshuka kwa miguu kutoka milima ya Kabare mpaka ufuko wa ziwa, wakilala njiani kwa rafiki zao, hawakungoja tamko la mtu. Lakini tusicheke sana. Wajukuu wa babu hao ndio leo wasioweza kula chakula cha jioni bila simu kando ya sahani.

Waganga nao wamelipima jambo hili. Mwaka 1984 Mmarekani Roger Ulrich alitangaza habari za wagonjwa 46 waliopasuliwa nyongo katika hospitali ya Pennsylvania. Nusu yao walilala vyumbani ambamo dirisha lilionyesha miti. Nusu nyingine dirisha lao lilionyesha ukuta wa matofali. Wale wa miti walirudi kwao mapema kidogo, tena walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Na mwaka 2019, huko Uingereza, uchunguzi wa watu karibu 20,000 ulionyesha kwamba wale waliokaa kati ya miti, mashamba au maji kwa muda wa dakika 120 au zaidi kwa juma walijisikia wazima kuliko wale wasiotoka kabisa. Uchunguzi wa namna hii hauthibitishi kwamba miti ndiyo iliyowaponya, kwa kuwa huenda mwenye afya ndiye apendaye kutembea. Hata hivyo dakika 120 ni saa mbili tu. Mtu wa Bukavu aliyezungukwa na ziwa pande tatu, naye halitazami ila akiwa ndani ya taksi, anyimwaye hapo ni nani, na amnyimaye ni nani?

Basi tuseme juu ya Idjwi. Ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Kivu, nacho ni cha pili katika visiwa vya maziwa ya Afrika, baada ya Ukerewe ulioko Tanzania. Urefu wake wapata kilometa 40, kutoka kaskazini mpaka kusini. Upande wa magharibi maji ya kilometa 10 mpaka 15 hukitenga na pwani ya Kongo. Lakini ncha yake ya kusini iko karibu sana na Rwanda, hata kilometa moja tu. Kwa ajili ya ukaribu huo wakubwa wa zamani walikigombania: mapatano ya mwaka 1910 yalikitia upande wa Kongo, Wajerumani wakakiteka mwezi wa Septemba 1914, Wabelgiji wakakirudisha mwaka 1916. Wenyeji, Wahavu walio wengi pamoja na Wambuti, hawakuulizwa neno.

Ziwa lenyewe limeinuka mita 1,460 juu ya bahari. Ndiyo sababu jioni kuna baridi, na mama mwenye mtoto mchanga asisahau blanketi. Kina chake chapita mita 480. Watoto wa shule wamesikia kwamba vilindini mna gesi nyingi, nao huuliza kama yafaa kuoga. Ni kweli, gesi imo, na wenzetu wa Rwanda wameanza kuivuta kwa kutengeneza umeme. Lakini imelala chini kabisa, haimdhuru mtu aogaye ufukweni. Ile hewa mbaya ya mashimoni iitwayo mazuku, iuayo mbuzi na watu, hupatikana upande wa kaskazini, kati ya Goma na Sake. Mamba hawamo ziwani. Atakayemwua mtu katika maji ya Idjwi ni kutojua kuogelea, na zaidi ya hapo ni chombo kibovu.

Juu ya vyombo hatutasema kwa upole. Mwezi wa Aprili 2019 chombo kilizama upande wa Kalehe, watu wengi wakapotea. Rais wa Jamhuri alifika akaamuru kila abiria awe na koti la kuelea, yaani jile kama wasemavyo bandarini. Tarehe 3 Oktoba 2024 chombo kiitwacho Merdi, kilichotoka Minova, kilipinduka mbele ya bandari ya Kituku huko Goma, watu waliokuwa ufukoni wakitazama kwa macho yao. Makumi ya abiria walikufa. Kilikuwa kimepakia watu wengi kupita kiasi chake, maana barabara ya Minova ilikuwa imefungwa na vita na kila mtu alikimbilia ziwani. Miaka mitano imepita kati ya amri na msiba huo. Sisi wenyewe tumepata kusimama gatini asubuhi moja, tukamwona mwenye chombo akiwagawia abiria majile matano, watu wakiwa kama arobaini, naye akisema kwamba ni ya kuonyesha askari wa bandari, yarudishwe baadaye. Tulishuka. Jirani zetu walituona waoga, na mama mmoja alituambia, «Mwalimu, mnachelewesha safari.» Tulingoja mpaka kesho yake. Chombo kile kilifika salama, twakiri. Lakini kufika salama mara moja si sababu ya kukipanda mara ya pili.

Kwa hiyo, baba wa jamaa, haya ndiyo matumizi ya kwanza ya polepole: uwe na siku ya akiba. Mtu aliyebanwa na Jumatatu hupanda chombo chochote kilichopo. Mwenye siku moja ya ziada aweza kusema hapana. Aweza kuwahesabu watu, kutazama kama maji yaingia, kuuliza jile la kila mtoto na kumvika yeye mwenyewe. Safiri asubuhi, kabla ya upepo wa mchana kuinua mawimbi. Usisafiri kwa giza katika chombo kidogo, hata ukiambiwa kwamba mwenye usukani amezaliwa majini. Wote wamezaliwa majini, hata waliozama.

Likizo kubwa ya shule huangukia kiangazi, Julai na Agosti, nao ndio wakati mwema. Njia za udongo zimekauka, na anga huwa na ukungu mwembamba wa moshi wa mashamba. Kisiwani magari ni machache. Pikipiki zipo, lakini mwacheni mwenye pikipiki achukue wagonjwa na mizigo. Tembeeni. Chagueni kijiji kimoja cha ufukoni, mkae humo siku zote nne, bila kuhama. Siku ya kwanza mwili bado una mbio za mjini: mtu huamka saa kumi na moja akatafuta simu, na watoto huuliza mara ishirini, «Tutafanya nini sasa?» Msiwajibu upesi. Siku ya pili wataanza kufuata watoto wa kijiji. Siku ya tatu wamejua namna ya kupiga kasia, nao baba ameketi chini ya mti bila kusema neno, na mama hashtuki.

Alfajiri ndiyo saa ya kushuka ufukoni. Wavuvi wa sambaza hurudi wakati huo. Mitumbwi yao mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu umening'inia kati yake, na taa zilizowavuta samaki usiku hazijazimwa zote. Hupiga makasia kwa wimbo, na mtu husikia sauti zao kabla ya kuwaona. Samaki hao wadogo si wenyeji wa Kivu: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kuwa Kivu lilikuwa na samaki haba, na leo hakuna jiko la pwani lisilowajua. Nunueni wabichi, wakaangwe papo hapo, waliwe na ugali wa muhogo na lengalenga. Mtoto aliyezoea sambaza wakavu wa soko atauliza kama ni samaki wale wale.

Baada ya hapo pandeni mlima polepole, si lazima kufika kileleni. Njia hupita katikati ya migomba, kahawa, maharagwe na mananasi. Nanasi la Idjwi lina sifa hata Bukavu na Goma, na sifa hiyo si ya bure. Mtakapofika mahali penye upepo, kaeni. Upande mmoja mtaona milima ya Kongo, upande wa pili Rwanda, na kaskazini, kama hewa ni safi, milima ya Virunga. Nyiragongo ni huo uliomwaga moto juu ya Goma mwaka 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021. Mtoto mwenye kitabu cha jografia aweza kuambiwa hapo hapo kwamba volkano hizo ndizo zilizoziba njia ya maji ya kwenda kaskazini, hata ziwa likajaa na kumwagika kusini kwa mto Ruzizi. Ataelewa kwa dakika tano kile ambacho sisi walimu tunakifundisha kwa majuma mawili.

Lakini asije mgeni akadhani kwamba uzuri huo ni bustani iliyowekwa kwa ajili yake. Katika mwaka 1983 kisiwa kilikuwa na watu wapata 50,000. Sasa hukadiriwa kupita laki mbili. Ukigawanya ardhi hiyo, kila kilometa ya mraba ina watu zaidi ya 600, na wengi wao huishi kwa jembe. Msitu umepungua sana, na Wambuti waliokuwa wakiishi kwa msitu huo wamebaki pembeni mwa vijiji, wengi bila shamba lao wenyewe. Kila kipande cha kijani mkionacho kutoka kileleni kina mwenyewe, naye ameinama. Utulivu wa mgeni ni jasho la mtu mwingine.

Kahawa yao hasa ina habari ya kuhuzunisha. Kwa miaka mingi wakulima walikosa mnunuzi mwema upande wa Kongo, wakaivusha usiku kwa mitumbwi mpaka Rwanda, ili wabadilishane na chumvi, sabuni na nguo. Dhoruba iliwakuta wengi katikati ya ziwa. Wanaume walizama, wakaacha wajane ambao waliendelea kulima miti ile ile iliyowaua waume zao. Katika miaka iliyofuata 2010 vyama vya ushirika vilijengwa, pamoja na mahali pa kuoshea kahawa kisiwani, na kahawa ya Idjwi ikaanza kununuliwa mbali, hata Ulaya na Marekani. Tuliyemsikia akieleza mambo haya vizuri ni mzee mmoja wa kusini. Kijana wa mjini alimwuliza, «Mzee, kwa nini mlivuka usiku, na mlijua hatari?» Akajibu, «Mwanangu, mchana kulikuwa na ushuru.»

Kwa sababu hiyo twawasihi wageni walipe. Wahavu ni watu wa ukarimu; mgeni akifika na watoto, hupewa kitanda cha mwenye nyumba, na mwenye nyumba hulala chini. Ukarimu si hoteli ya bure. Jamaa ya mjini ikikaa siku nne katika nyumba ya mkulima, ikila maharagwe yake na kuteketeza kuni zake, na ilipe bei halisi mikononi mwa mama wa nyumba, maana ndiye aliyepika na kuchota maji. Na kabla ya kupiga picha ya mtu, hasa ya Wambuti, muulize kwanza. Tumeona wageni wakipiga picha za umaskini kama vile wangepiga picha ya ziwa.

Wako watakaosema: vita imetujaa, nanyi mnaandika juu ya mapumziko? Twajua vema. Mwezi wa Januari 2025 Goma ilitwaliwa na M23, na mwezi wa Februari Bukavu nayo. Jamaa nyingi zimesafiri ziwani si kwa kupumzika bali kwa kukimbia, na Idjwi imewahi kuwapokea watu wa namna hiyo, hata wale waliotoka Rwanda mwaka 1994. Hatumshauri mtu avuke leo au kesho kwa sababu amesoma ukurasa huu. Aulize kwanza habari za bandari na za kijiji aendako, kwa watu wanaoishi huko, wala asitegemee habari ya mwezi uliopita. Ikiwa njia imefungwa, saa mbili kwa juma zapatikana hata ufukoni mwa Bukavu, au shambani kwa shangazi, simu ikibaki nyumbani. Lakini hatukubali kwamba taabu yafuta haja ya kupumzika. Mama aliyelala miezi mingi akisikiliza milio ya risasi ana haja ya asubuhi moja ya ukimya kuliko karani yeyote wa Ulaya, na watoto wake zaidi.

Wakwe wa Kalehe, kwa maoni yetu, watembelewe wakati mwingine, kwa safari yao wenyewe, kama inavyostahili heshima yao. Kilele cha mlima kiachwe. Visiwa vidogo vitatu vitazamwe kutoka ufukoni, ambako vyapendeza vya kutosha. Na wawe watu wote wa nyumba, mama akiwa wa kwanza kuulizwa siku ipi yafaa.

Mizigo iwe michache: blanketi, chandarua, kwa kuwa mbu wapo hata katika baridi ile, sabuni, taa, dawa alizoandika mwuguzi, na sufuria ya kuchemshia maji ya kunywa, maana kipindupindu hakijaondoka pwani za Kivu. Mtoto asiyejua kuogelea asiingie majini kupita magoti, hata ziwa likitulia kama kioo. Siku ya kurudi, shukeni gatini mapema, mvikeni kila mtoto jile kabla ya kupanda, na mkinunua mananasi ya kupeleka nyumbani, myaweke sakafuni katikati ya chombo, si upande mmoja.